Kurudisha mzigo wa mtandaoni Uingereza bila printa: lebo ya PDF naifanyaje?

Msafiri_Reading

Wakuu habarini. Swali kwa mlioko Uingereza. Nina mizigo miwili ya kurudisha, viatu na koti la baridi, maduka tofauti. Duka la viatu linaniruhusu kuchagua njia ya kurudisha ndani ya akaunti, bado sijabonyeza chochote. Duka la koti limeshanitumia lebo ya PDF kwa barua pepe. Nyumbani sina printa, na kununua printa kwa ajili ya karatasi mbili sioni maana yake. Je, posta wakiiona lebo kwenye simu wanapokea? Naweza kuandika anwani kwa mkono? Na siku zinahesabiwaje? Koti lina zaidi ya wiki tangu lifike. Natanguliza shukrani.

Karani_wa_Mizigo

Mkuu, tenganisha kwanza vitu viwili: msimbo wa QR siyo lebo. QR inaiambia mashine ya karani ichape lebo gani. Anaiskani, lebo inatoka na anwani na msimbopau (ile mistari myeusi ya kuskani), anaibandika, umemaliza. PDF ndiyo lebo yenyewe, kwa hiyo ikibaki kwenye simu haina kazi. Msimbopau ule lazima usafiri na mzigo, kwa sababu unasomwa tena kwenye vituo vya kuchambua mizigo na mwisho ghalani kwa duka, ndipo wanajua pesa ni za nani. Ukifika kaunta na PDF kwenye skrini, karani hana cha kukusaidia hata akitaka.

Viatu ni rahisi maadamu hujabonyeza. Kwenye ukurasa wa kuchagua njia, tafuta ile yenye alama ya QR au iliyoandikwa kwamba huhitaji printa. Ukichagua lebo ya kujichapia, baadhi ya maduka yanakufungia hapo hapo na itabidi ufute ombi uanze upya. Njia utakazokuta mara nyingi ni hizi:

Royal Mail (kampuni ya barua na vifurushi): unapeleka QR kwenye ofisi yao ya mtaani, ile unayofuata mzigo usipokukuta nyumbani, au kwenye tawi la posta linalochapa lebo. Usiende tawi lolote tu. Angalia kwanza kwenye ramani ya tovuti yao kama tawi hilo linachapa. Wanakuja kuchukua nyumbani pia, na wakati wa kuweka nafasi unaweza kuchagua tarishi aje na lebo iliyokwisha kuchapwa. Kwa mtu asiye na printa wala gari, hiyo ndiyo ningeipa nafasi ya kwanza.

Evri (kampuni ya kusafirisha mizigo): duka la mtaani lenye bango lao. Unaskani QR, kichapishi kidogo kinatoa lebo.

InPost (kampuni ya makabati ya mizigo): makabati ya nje ya supamaketi na vituo vya mafuta, mengi usiku na mchana. Unaonyesha QR, mlango unafunguka, unaweka, unafunga. Pima kwanza. Mlango mkubwa kabisa ni sm 41 x 38 x 64, wa kati una kimo cha sm 19. Boksi la viatu vya kawaida linaingia wa kati, la buti ndefu lipime.

Na tafadhali usibandike lebo juu ya boksi la viatu lenyewe. Boksi hilo duka linalihesabu kama sehemu ya bidhaa, na likirudi na gundi wanaweza kukukata pesa. Litie ndani ya mfuko au boksi lililokuja nalo.

Binti_Kizimkazi

Naongezea kuhusu hiyo QR, maana watu wanakwamia kaunta kwa mambo madogo. Piga picha ya skrini kabla hujatoka, kwani ndani ya maduka mengi mtandao haushiki. Mwangaza wa simu upandishe mpaka mwisho. Kama skrini ya simu umeiweka kwenye mandhari meusi (dark mode), fungua QR kwenye ukurasa mweupe, sababu miraba ikigeuzwa rangi baadhi ya mashine hazisomi. Kioo kilichopasuka juu ya msimbo nacho kinasumbua, ivute picha ikae upande wa kioo usiopasuka. QR moja mzigo mmoja: usichanganye oda mbili kwenye boksi moja, hata kama ni za duka lile lile. Ghala litafungua, likute kitu kimoja cha ziada kisicho na namba, na pesa ya hicho ndiyo utakayoifukuzia.

Sasa koti. Kabla ya kutafuta pa kuprinti, waandikie duka mstari mmoja: sina printa, naomba msimbo wa QR kwa oda namba fulani. Baadhi wanaweza kubadilisha. Wakikataa, maktaba ya mtaa inatosha, au duka la vifaa vya ofisi. Jitumie PDF yenyewe kwa barua pepe. Usiipige picha ukaituma WhatsApp, kwa sababu WhatsApp inaibana picha na mistari ya msimbopau inaingiliana. Ukilazimika kutumia WhatsApp, itume kama faili.

Kwenye kompyuta chagua karatasi A4, ukubwa asilia yaani asilimia 100, upande mmoja, rangi nyeusi tu. Usikubali programu ipunguze ili iingie kwenye ukurasa, hapo ndipo misimbo mingi inapoharibika. Kama kuna printa ya leza itumie, wino wa maji unachuruzika mvua ikinyesha. Ukimaliza futa faili kwenye kompyuta ya maktaba na ufunge barua pepe yako. Jina lako na anwani vimo mle.

Kubandika: msimbopau wote ukae juu ya upande ulio bapa, usipinde kwenye kona. Selotepu ipite pembezoni mwa karatasi, isipite juu ya mistari, kwa sababu inang'aa na mwanga wa mashine unarudi vibaya. Lebo za zamani zibandue au zifunike kabisa, vinginevyo mzigo unaweza kurudi mlangoni kwako. Na zile lebo zinazochapwa dukani hazitumii wino, zinatumia joto. Ukiacha mzigo juu ya rejeta ya kupasha nyumba joto usiku kucha, lebo inageuka nyeusi.

Kuandika kwa mkono kunawezekana, ila hapo unaachana na lebo ya duka na unalipa posta mwenyewe. Uliza duka anwani ya marejesho, usinakili ile iliyokuja kwenye mzigo, mara nyingi ghala la kupokea ni jingine. Namba ya oda iandikwe nje, na karatasi nyingine iwe ndani. Lipia huduma yenye namba ya kufuatilia. Kifurushi kidogo cha Royal Mail mwisho wake sm 45 x 35 x 16 na kilo 2. Koti nene likizidi hapo linahesabiwa la kati na bei inapanda, kwa hiyo likunje vizuri, toa hewa.

Msafiri_Reading

Asanteni sana. Duka la koti nimewaandikia. Je, kwenye kabati la InPost hakuna karani, risiti napata wapi? Na zile siku?

Karani_wa_Mizigo

Kabati linathibitisha kwenye skrini na ujumbe unakuja kwa barua pepe. Piga picha ya skrini kabla hujaondoka, namba ya kufuatilia ionekane. Kaunta omba risiti ya kutuma. Usiitupe mpaka pesa iingie benki.

Siku: kwa sheria ya 2013 ya mauzo ya mbali (kununua bila kufika dukani) una siku 14 za kulijulisha duka kwamba umeghairi, kuanzia kesho yake baada ya kupokea. Ukishajulisha, una siku 14 nyingine za kutuma. Kwa hiyo huna haja ya kukimbizana na printa, kimbizana na kujulisha. Barua pepe yenye namba ya oda na neno wazi kwamba unaghairi inatosha. Maduka mengi yanatoa muda mrefu zaidi, lakini huo ni hiari yao.

Pesa irudi ndani ya siku 14 tangu duka lipokee mzigo, au tangu uwaonyeshe ushahidi kwamba umetuma, chochote kitakachotangulia. Ndiyo kazi ya ile risiti. Inarudi pamoja na gharama ya kawaida ya kuletewa. Nauli ya kurudisha ni yako kama walikueleza hivyo mwanzoni. Koti likiwa bovu ni habari nyingine: sheria ya 2015 inakupa siku 30 za kulikataa, na nauli ni ya duka. Vilivyoshonwa kwa vipimo vyako haviingii kwenye kughairi, na ukinunua kwa mtu binafsi sheria hii haikuhusu.

Mzee_wa_Minnesota

Kwa walioko Marekani utaratibu wa QR ni ule ule. USPS, yaani posta ya Marekani, wana huduma ya QR ambapo lebo inachapwa kaunta, ila siyo kila posta, tafuta kwenye tovuti yao kwa zip kodi (namba ya posta ya eneo lako). Marejesho ya Amazon mara nyingi yanapokelewa UPS Store (duka la kampuni ya mizigo ya UPS) kwa QR, na vitu vingi hata boksi hawataki, wanafunga wao. Soma maelekezo ya oda yako kwanza, kwa sababu hata kwa duka moja kuna bidhaa inayotaka boksi na isiyotaka.