Pikipiki peke yangu kwenye misitu ya redwood (miti mirefu sana), California

Swali: Wakuu, Julai naendesha peke yangu kutoka Leggett hadi Crescent City kwa barabara ya 101. Mafuta nijaze wapi, na nijihadhari na nini?

Jibu: Jaza Garberville, kisha Eureka. Usiikose barabara ya Avenue of the Giants, kama kilomita 50 sambamba na 101, ila punguza mwendo. Ukitoka juani ukaingia kivulini, macho huchelewa kuzoea, na lami chini ya miti hukawia kukauka. Majani yaliyolowa huteleza vibaya kwenye kona, kwa hiyo shika breki kabla ya kona, si ndani yake. Kioo cha helmeti kiwe cheupe, si cheusi. Ukungu wa bahari huja hata Julai, beba koti la mvua na glavu nzito.

Jibu: Mkuu kasema kweli. Kaskazini ya Orick ingia barabara ya Newton B. Drury, kilomita 16, nzuri mno! Huko elki (kulungu wakubwa) huvuka barabara asubuhi na jioni. Akipita mmoja, subiri wenzake. Barabara ya Howland Hill ni ya changarawe na nyembamba, haifai pikipiki nzito yenye tairi za lami. Mtandao hukatika: pakua ramani mapema, beba vifaa vya kuziba pancha na pampu, mwachie mtu ratiba yako.