Haidranjia: kung'oa shina zima, kukata vijiti au kununua kitaluni?

Chipukizi_Njiro: Wakuu, habari za jioni. Shangazi yangu wa Machame anajenga banda, na haidranjia lake kubwa, kile kichaka chenye maua ya bluu, liko pale pale penye msingi. Nataka kulileta huku Njiro. Ning'oe zima, nikate vijiti, au ninunue tu jipya?

Mzee wa Kibosho: Kung'oa inawezekana kijana, mizizi yake hutambaa juu juu. Mwagilia siku moja kabla, chimba mbali na shina, litoke na donge lake la udongo, kisha lifunge gunia. Shimo jipya liwe pana, ila usilizamishe kuliko lilivyokuwa. Subiri masika, Machi. Ukihamisha na jua hili la Januari utalia.

MamaTengeru: Mimi nilihamisha zima. Wiki ya kwanza majani yote yalinyong'onyea, mume wangu akaniuliza kama ninamwagilia kuni. Nikalikinga jua la mchana, nikatandaza majani makavu ya migomba, likachipua. Kosa langu nilikata matawi yote, na aina hii huchanulia matawi ya zamani. Msimu ule sikuona hata ua moja.

FundiBustani_Moshi: Vijiti, mkuu. Chagua tawi lisilo na ua, sentimita 10 hadi 15, toa majani ya chini, ya juu kata nusu. Chomeka kwenye mchanga na mboji, kivulini, pasikauke. Baada ya wiki nne hivi vuta taratibu: kikigoma kutoka, kimeshika mizizi. La kitaluni limezoea kivuli, ukilitoa juani ghafla linababuka.

Dada_Sakina: Hiyo bluu usiitegemee. Inatokana na alumini, na mmea huipata udongo ukiwa na tindikali, pH (kipimo cha tindikali) chini ya 5.5 hivi. Ukimwagilia maji ya kisima yenye magadi, litageuka pinki. Siyo ugonjwa. Kinga maji ya mvua umwagilie hayo. Na mbuzi wakae mbali, majani yake ni sumu.

Chipukizi_Njiro: Asanteni. Jumamosi nakata vijiti kumi, shina lisubiri masika. Tatizo fundi wa shangazi anaanza Februari.

Mzee wa Kibosho: Mwambie shangazi fundi aanzie ukuta wa upande wa pili.

MamaTengeru: Fundi gani ameshawahi kuanza tarehe aliyosema?