Familia Katindo: permi ya Amani

*Amani:* Jambo batu ba kwetu. Niko na kitu ya kuuliza. Kuko mutu ku intaneti anauzisha permi enternasional ya kutembeza gari dola 60, anasema inafanya miaka 10 na unatembeza nayo dunia yote. Ama kuko mutu wa Goma anaweza kunitafutia? Juu nasikia permi ya Congo huku Uingereza aitumike tena ukimaliza mwaka

*Furaha:* Miaka 10 😂😂 iyo ni bongo kabisa. Ile ya mukataba wa mataifa wa 1949 ni mwaka moja, ya 1968 aipite miaka 3. Na peke yake aikusaidie, ni kama tafsiri tu ya permi yako, inatolewa na inchi ile ile ilikupatia permi. Ule anauzisha karatasi

*Tonton Shukuru:* Mi sielewe. Amani nilimufundisha mimi mwenyewe kamio, barabara ya Sake, mawe ya volkano kila fasi, sasa Bazungu banataka kumufundisha nini tena? Bachukue ya Congo bamupe ya kwao, mambo iishe

*Bahati Glasgow:* Tonton, kubadirishana permi iko na liste ya inchi. Afrika Kusini iko ndani, Zimbabwe, Kanada, Japani. Sisi atuko. Mutu wa Congo anapewa miezi 12 ya kutembeza na permi yake, kisha ekzame toka mwanzo kama mutoto wa miaka 17

*Tonton Shukuru:* ZIMBABWE??? 😤

*Amani:* Ile miezi 12 inaanza lini, siku nilinunua gari?

*Bahati Glasgow:* Apana, siku ulianza kuishi huku. Gari aihusu

*Furaha:* Na ulifika mwezi wa pili, juu ulitumaka odio ukisema baridi inakula masikio. Sasa tuko mwezi wa 12. Hesabu mwenyewe

*Amani:* Ayayaya

*Bahati Glasgow:* Usiogope. Leo leo ingia ku site ya serikali ulombe provishonali, permi ya mwanafunzi, paundi 34. Ukiwa nayo mbele ile miezi 12 iishe, unaendelea kutembeza na ya Congo mupaka siku ya mwisho. Kisha pale kama bado aujapita ekzame, unabandika L nyekundu, alama ya mwanafunzi, mbele na nyuma na pembeni anakaa mutu wa miaka 21 kwenda juu, mwenye permi toka miaka 3. Na date ya kutembeza mbele ya ekzaminatere inakawiaka sana, miezi na miezi, njo maana nasema leo

*Tonton Shukuru:* L mu mugongo ya gari. Amani wangu

*Mama Amani:* Shukuru muache mutoto. Amani baba, gari ulishanunua?

*Amani:* Ndiyo Mama, Toyota ndogo, napashwa kuichukua siku ya posho, samedi. Mwenye kuuzisha anasema kodi ya gari imelipwa mupaka mwezi wa 4 so niko sawa

*Bahati Glasgow:* Auko sawa 😅 toka 2014 kodi aifwate gari. Ikibadirisha mutu ile ya zamani inakufa, yeye banamurudishia pesa ya miezi yenye ilibakia, na weye unalipa yako mbele uitoshe kwake. Angalia na MOT, ni kontrole teknike ya kila mwaka gari ikipita miaka 3. Tena ile karatasi V5C aisemi gari ni yako, inasema tu nani anaitunza, kwa iyo lomba risiti yenye kuandikwa na tarehe

*Tantine Espe Liège:* Huku Ubeljiji ni kinyume, plaki, ile namba ya gari, inafwata mutu. Ukiuzisha gari unaitosha unabaki nayo. Na ni asiransi njo inaandikishaka gari, plaki inakuja na posta, maandishi nyekundu, moja tu ya nyuma!! ya mbele unajitengenezesha mwenyewe

*Tonton Shukuru:* Plaki moja na serikali iko 🤦🏿‍♂️

*Amani:* Na nikitembeza kidogo tu kisha ile miezi 12, kazini na kurudi?

*Bahati Glasgow:* Apana kabisa. Permi ikiisha nguvu asiransi nayo aikulinde, na kutembeza bila asiransi ni paundi 300 na pointi 6 za makosa ku permi, na polisi banaweza kubeba gari. Usingojee mutu wa firimbi ku barabara, kamera njo inasoma plaki. Na ukisha kupata permi yao, pointi 6 mu miaka 2 ya kwanza banakunyanganya unaanza tena

*Amani:* Sawa nimeelewa. Maulizo ya ekzame ayaniogopeshi, ni 50 unapashwa kupata 43, kisha video za kutambua hatari ku barabara. Kiingereza ama Kiwelsi tu lakini. Kitu inanisumbua ni rompwe, fasi barabara inazunguka. Fikirini ile ya Chukudu kule Goma, sasa uizunguke upande wa kinyume, usukani uko kuume, na akuna mutu anapiga oni. Goma oni inakuambia mutu iko fasi gani. Huku bananyamaza tu bananiangalia

*Mama Amani:* 😂😂😂 mwanangu

*Bahati Glasgow:* Lipia masomo kidogo hata kama unajua, ekzaminatere anaangalia unatazama kioo namna gani. Na kama utafanya na otomatike, manueli bado auruhusiwe

*Tonton Shukuru:* Atafanya manueli. Ataanguka mara kumi lakini ni manueli

*Amani:* Nimelipa ile 34 🙏🏿

*Tonton Shukuru:* Nitumie ile maulizo 50 nione

*Furaha:* Ni ya Kiingereza Tonton

*Tonton Shukuru:* Weye utanisomea