Daktari wa ngozi, kazi yake ikoje?

Muulizaji: Wakuu, mdogo wangu anamalizia udaktari hapa Dodoma, anataka kubobea kwenye ngozi. Ni chunusi tu kutwa?

Daktari: Zipo, ila mapunye na upele ndio wengi. Upele unaambukiza, kwa hiyo mtoto akijikuna usiku, natibu nyumba nzima. Kero yangu ni krimu za steroidi (dawa za kutuliza mwasho na uvimbe) za dukani: mtu kapaka juu ya fangasi, mwasho umetulia, fangasi wanasambaa chini kwa chini. Hapo nakwangua magamba, naangalia kwa hadubini. Wenye ualbino nawakagua midomo na masikio, natafuta dalili za saratani ya ngozi. Jua la huku mnalijua.

Muulizaji: Na ubobezi anasomea wapi?

Daktari: Hospitali ya KCMC, Moshi, kuna kituo cha mafunzo ya ngozi.

Mchangiaji: Angalau usiku atalala, siyo kama sisi wa wodi ya wazazi!