Kidato cha sita wasome kozi za chuo kikuu wakiwa bado shuleni? Tujadili

Mleta mada, Mbeya mjini

Wakuu, hoja yangu ni hii: mwanafunzi wa kidato cha sita aruhusiwe kusoma kozi moja au mbili za chuo kikuu akiwa bado sekondari, na akifaulu zihesabiwe atakapoanza digrii. Marekani wanafanya hivyo siku nyingi. Jimbo la Minnesota lilianza 1985, Washington likafuata 1990, na ada ya masomo hailipi mzazi. Kijana anaingia chuo akiwa na kozi kadhaa mkononi, anawahi kumaliza.

Kuwahi kumaliza si hoja yangu kubwa. Mimi nataka mtoto aonje. Huku kwetu kijana anaomba chuo hajawahi kukaa kwenye lekcha hata moja. Anachagua uhandisi wa umeme kwa sababu mjomba kasema unalipa. Mwaka wa kwanza sapu tatu (mitihani ya kurudia), wa pili anadisko, yaani anaondolewa chuoni kwa kufeli, na deni la Bodi ya Mikopo liko palepale. Hapa Mbeya, Sekondari ya Iyunga na MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, ni majirani. Mkwawa ya Iringa yenyewe ilikuwa shule ya kidato cha tano na sita kabla ya kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) mwaka 2005. Kinachotuzuia ni taratibu tu.

Mwalimu wa Fizikia, Makambako

Mleta mada, umewahi kufundisha PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) ukamaliza silabasi? Kidato cha tano wanaripoti Julai, cha sita wanakaa kwenye mtihani Mei. Toa likizo, toa mitihani ya utamilifu, niambie kimebaki nini. Jumamosi nzima niko darasani na bado mada zinanidai.

Halafu unalinganisha visivyolingana. Mmarekani anasoma miaka 12, digrii yake minne. Wa kwetu kapita saba ya msingi, minne ya sekondari na miwili ya kidato cha tano na sita, kisha digrii nyingi ni mitatu. Kalkulasi anayoifuata Mmarekani chuoni, wangu anaifanya kidato cha sita. Vyuo kadhaa vya huko vinampa krediti mtu mwenye ufaulu mzuri wa kidato cha sita kama chetu. Unataka tumuuzie mtoto kitu alichokwisha nunua.

Mleta mada

Mwalimu, kwa PCM umenibana, nakubali. Ila mwanafunzi wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) anayeota uwakili hana kipindi cha sheria hata kimoja. Anayetaka kuandika programu za kompyuta naye je? Kama muda ni tatizo, wasome baada ya mtihani. Mei hadi chuo kufunguliwa Oktoba au Novemba wengi wako mtaani tu.

Mwaka wa kwanza, Iringa

Shikamooni wakubwa. Mtaani gani? Wengine tulipangiwa JKT kwa mujibu wa sheria, miezi hiyo tulikuwa kwenye kwata. Na hilo la kuonja lina bei yake: huko Marekani alama ya kozi hizo inaingia kwenye rekodi ya chuo na haifutiki. Mtu wa miaka 17 anaharibu GPA, wastani wake wa alama, kabla hajafika chuoni. Tena si kila chuo kinapokea krediti za mwenzake. Hapa TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu, isipowabana wote, utasoma MUST, uende Mzumbe, wakwambie anza upya.

Ila nisiwe mnafiki, ningepata hata wiki moja ya lekcha nisingechagua kozi niliyonayo.

Mzazi, Makete

Nyinyi mnaongelea Iyunga na Mkwawa kana kwamba nyanda za juu zote zinaishi kando ya lami. Huku chuo kikuu cha kwenda na kurudi siku moja hakipo. Kozi za jioni zikianza, zitachukuliwa na watoto wa mjini, ambao tayari wana tuisheni. Tukigombania nafasi za digrii, wao wana krediti, wangu ana cheti cha kidato cha sita peke yake. Hapo mtakuwa mmemsaidia nani?

Wangu anataka kilimo. Mkimwekea wiki mbili za likizo pale kituo cha kilimo cha Uyole, Mbeya, ajifunze mbegu za viazi, apewe kitu ambacho chuo kitakitambua, nauli nitatafuta. Bweni na chakula serikali ibebe.

Mleta mada

Mama, la likizo nalichukua lilivyo, ni bora kuliko langu. Kijana, la TCU pia. Mwalimu, wewe bado nakudai jibu la mtoto wa HGL.