Gawio nono, ukuaji mdogo: nipimeje utendaji wa mfuko wa gawio wa kimataifa?

Mkazi wa Leicester
Salaam wanajukwaa. Ninamiliki vipande vya mfuko wa Vanguard unaofuata faharasa ya FTSE All-World High Dividend Yield (yaani orodha ya hisa za dunia zinazolipa gawio kubwa), ulioanzishwa Ireland mwaka 2013 na kuuzwa katika Soko la Hisa la London. Gawio huingia kila robo mwaka, lakini nikiulinganisha na mfuko wa hisa za dunia nzima, naona wangu umeachwa nyuma sana. Je, msimamizi ameshindwa kazi, au ninaisoma vibaya ripoti ya mwaka?

Mhasibu Mstaafu
Ndugu, umeuliza maswali mawili kwa pamoja. Ukitaka kumhukumu msimamizi, mlinganishe na faharasa aliyopewa aifuate, basi. Ukitaka kujua kama uamuzi wako wa kuchagua hisa za gawio ulikulipa, ndipo uilete FTSE All-World, faharasa ya hisa za dunia nzima, mezani. Msimamizi hawezi kuinunua Amazon, ambayo haijawahi kulipa gawio. Alphabet (mmiliki wa Google) na Meta (mmiliki wa Facebook) nazo zilianza kulipa mwaka 2024 tu, tena kiasi kidogo mno ukilinganisha na bei ya hisa zao. Mfuko wako umeegemea benki, mafuta na dawa, na ndiyo maana mwaka 2022, hisa za teknolojia zilipoporomoka huku za nishati zikipanda, mifuko ya aina hii iliumia kidogo kuliko soko zima.

Tena usitazame bei peke yake: kipande cha dola 100 kilicholipa gawio la dola 4 na kufunga mwaka kwa dola 103 kimekupa asilimia 7, ilhali mchoro wa bei utakuonyesha 3.

Bi. Hesabu
Naongeza suala la kodi, ambalo wengi hulipita. Marekani humkata mgeni asiye na mkataba wa kodi asilimia 30 ya gawio, lakini mfuko wa Ireland hukatwa 15. Faharasa ya baada ya kodi, yaani ile inayohesabu gawio likiwa limeshakatwa kodi, hukokotolewa kana kwamba kiwango cha juu ndicho kilichokatwa. Kwa hiyo mfuko ambao gharama zake kwa miaka mingi zilikuwa asilimia 0.29 unaweza kuachwa na faharasa yake kwa pungufu ya hapo, na huo si ustadi wa mtu.

Mkazi wa Leicester
Nashukuru sana. Na asilimia ya gawio iliyoandikwa juu ya ripoti, niipe uzito gani?

Mhasibu Mstaafu
Mdogo. Asilimia hiyo ni gawio lililogawanywa kwa bei, hivyo bei ikianguka, yenyewe hupanda. Mapema mwaka 2020 hisa za Shell zilionekana kulipa vinono kwa sababu hiyo hiyo, kisha mwezi Aprili kampuni ikapunguza gawio la robo mwaka kutoka senti 47 za dola hadi 16, jambo ambalo haikuwa imelifanya tangu Vita Kuu ya Pili. Andika dola zilizolipwa kwa kila kipande, mwaka hadi mwaka. Usilinganishe robo na robo, kwa kuwa kampuni nyingi za Ulaya hulipa mara moja kwa mwaka, majira ya machipuko. Na kwa vile wewe unatumia pauni, badili takwimu za mifuko yote miwili ziwe za pauni kabla hujalinganisha chochote.