Mjadala: Wenye maghorofa ya zamani walazimishwe kuimarisha nguzo?

Mwanzisha mada: Wadau, mwaka 2015 Los Angeles ilipitisha sheria ya kuwataka wenye maghorofa ya zege ya zamani wayaimarishe dhidi ya tetemeko. Muda waliopewa ni miaka 25! Mtoto anayezaliwa humo leo atahama akiwa na watoto wake.

Mimi naona ni mrefu mno, maana ugonjwa unajulikana. Nguzo za zamani zina nondo nene za wima, ila ringi (vyuma vyembamba vinavyozifunga nondo hizo kwa kuzizunguka) zimeachana mno, pengine sentimita 30, na ncha zake zimekunjwa nyuzi 90 tu. Jengo likiyumba, zege la nje hubanduka, ringi hufunguka, zege la ndani humwagika na nondo hupinda. Februari 1971, kwenye tetemeko la San Fernando, California, hospitali ya Olive View ilionyesha tofauti waziwazi: nguzo zilizozungushiwa ringi ya mfululizo (chuma kimoja kinachozunguka kama springi) ziliinama vibaya lakini zilibeba mzigo, huku zile za ringi za kawaida pembeni zikisambaratika. Tunangoja ushahidi gani tena?

Mhandisi: Mkuu, ugonjwa umeusema vizuri. Shida ni dawa. Koti la zege, yaani zege jipya la sentimita 10 linalozungushiwa nguzo kila upande, huifanya nguzo iwe ngumu zaidi, na nguzo ngumu ndiyo inayovuta sehemu kubwa ya nguvu za tetemeko. Ukizivisha za mbele na kuziacha za nyuma, umelifanya jengo lijisokote. Halafu nguvu hizo zinashuka kwenye msingi ambao haukusanifiwa kuzibeba.

Vitambaa vya nyuzi za kaboni vinavyozungushiwa nguzo na kubandikwa kwa epoksi (gundi kali) havina tabia hiyo. Hulibana zege bila kuongeza ugumu wa maana, na kazi huenda haraka. Ila epoksi haivumilii moto, na pembe za nguzo ya mraba lazima zisagwe ziviringike, la sivyo nyuzi hukatikia hapohapo. Na kama udhaifu uko pale bimu (boriti ya mlalo) inapokutana na nguzo, unaweza kuvisha nguzo nzima na jengo likaanguka vilevile. Muda ukibanwa, watu watavisha makoti ya kumridhisha mkaguzi.

Mpangaji: Mnaongelea nguzo, hakuna anayeongelea kodi. Mwenye nyumba akilazimishwa, gharama inanishukia mimi.

Mwanzisha mada: Ndugu mpangaji, hilo ni kweli, ndiyo maana serikali ichangie. Lakini leo unalipa kodi bila kujua unalala chini ya nini. Mfumo ulioanza New Zealand mwaka 2017 ulitaka jengo lisilofikia 34% ya kiwango cha jengo jipya cha kuhimili tetemeko libandikwe tangazo panapoonekana. Tuanze na hilo, na lisichukue miaka 25. Mhandisi, nakubali tusikurupuke, ila kazi ikisanifiwa vizuri inalipa: kwenye tetemeko la Northridge, California, mwaka 1994, madaraja ambayo nguzo zake zilikuwa zimevishwa koti la chuma yalisimama.

Mhandisi: Nguzo ya daraja iko wazi, unaizunguka pande zote. Ya ghorofa imebanwa na kuta, mabomba na kabati la mtu. Tangazo naliunga mkono, kwa sharti moja: mkaguzi abomoe zege la juu kwenye nguzo kadhaa aone ringi kwa macho. Mchoro unaweza kusema ringi ziko kila sentimita 10, ndani ukakuta 30.